Afande wa Asubuhi

1

Koplo mstaafu Festo Kikoti alipimwa maumivu mara nne katika zahanati yetu ya Makambako, na mara zote nne mashine ilisema hana.

Nieleze vizuri, maana watu wa siku hizi wakisikia mashine imesema, wanafunga mjadala. Mara ya nne nilikuwepo mwenyewe. Mzee aliingia akiburuta mguu wa kushoto. Kutoka mlangoni hadi kwenye kiti cha kipimo ni hatua saba. Yeye alitumia kumi na tisa. Alishika ukuta, akashika meza yangu, akashika bega langu, kisha akaniomba radhi kwa kulishika. Nilimvalisha kofia ya waya, nikafunga mlango kama kanuni inavyotaka. Ndani ya chumba kile huwa kuna mpimwaji, muuguzi na kimya.

Mashine ikamwita kwa namba yake ya jeshi.

"Sita, tatu, moja, sifuri, nane."

"Afande!"

Mzee alikuwa amesimama. Visigino viligongana, kidevu kikapanda, vidole gumba vikalala kwenye mshono wa suruali. Mguu uliokuwa ukiburutwa ulisimama sawa na mwenzake. Kwenye kioo pakatokea sifuri, ya kijani, safi kabisa.

Mashine hizi zilipoletwa na Idara ya Haki za Wastaafu tulizishangilia, na mimi nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Zamani mstaafu alijieleza mbele ya jopo la madaktari, na mwenye mdomo ndiye aliyepata. Aliyefunzwa kutolalamika alirudi nyumbani na fimbo yake. Mashine haisikilizi maneno, inasoma mishipa ya fahamu yenyewe, kuanzia sifuri hadi kumi. Ukifika saba unapewa rufaa ya hospitali kubwa. Inaita namba badala ya jina ili asipendelewe mtu kwa ukoo wala kabila lake. Hakuna aliyefikiria kwamba namba hiyohiyo ndiyo waliyoitwa nayo vitani.

Basi nilikuwa naitazama sifuri yangu pale upepo ulipolisukuma dirisha. Kitasa chake kilikufa tangu masika. Chini ya dirisha kuna benchi linalopata jua la asubuhi, na kwa baridi yetu hii benchi hilo halikosi watu. Siku hiyo alikuwepo Sajini mstaafu Gaudensi Mbano, Mngoni, aliyepigana kikosi kimoja na Kikoti na ambaye humsindikiza kila mahali ili apate wa kumsumbua.

"Sista," alisema huko nje, bila hata kugeuza kichwa, "Mhehe akisimama wima namna hiyo, ujue kuna mbwa amepita."

Wahehe na Wangoni ni watani. Walipigana enzi za mababu mpaka wakachoka, na waliobaki wakarithi haki ya kutukanana, Mngoni akimsema Mhehe kila siku kwamba anakula mbwa. Pembe ya mdomo wa Mzee Kikoti ikatetemeka. Akatoa pumzi puani, kicheko cha mtu asiyetaka kucheka.

Kwenye kioo pakaandikwa sita.

Ilikaa sekunde tatu. Magoti yake yakalegea, akashika mkono wa kiti, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wake ulivyo kweli. Kisha mashine ikalia: *Kelele imegundulika. Rudia kipimo? Ndiyo. Hapana.*

Kubonyeza Hapana maana yake muuguzi anathibitisha kwa kidole chake kwamba sauti ile ilikuwa sehemu ya kipimo, na likizuka lolote atajibu yeye na leseni yake. Sijawahi kumjua muuguzi aliyebonyeza Hapana. Nilibonyeza Ndiyo haraka kama mwanafunzi aliyekutwa anazungumza darasani. Namba ikaitwa, "Afande" ikajibiwa, sifuri ikarudi.

"Sina shida, mwanangu," mzee aliniambia nikimvua kofia. "Nafasi wapeni wenye shida."

2

Kesho yake alikuja mkewe, Mama Blandina, peke yake, na chupa ya chai kwapani. Hakuketi.

"Jana mlimfanya nini mume wangu, Sista Subilaga?"

"Tulimpima tu, mama. Kwani vipi?"

"Leo nimemwita mara tatu ndiyo ameamka. Haijawahi kutokea. Moja hutosha."

"Unamwitaje?"

Akaangalia chini kama mtu aliyeulizwa jambo la chumbani. Kwa kweli lilikuwa la chumbani.

Hapa inabidi nieleze habari ya punje. Kabla ya kupelekwa vitani, kule Ukanda wa Chumvi, kila askari wa Jeshi la Shirikisho aliwekewa punje nyuma ya sikio, ndogo kama ya ulezi. Iliitwa punje ya utulivu. Kamanda akikuita namba yako kwenye redio, punje ilizima maumivu, ukaweza kumbeba mwenzako huku wewe mwenyewe umevunjika mbavu. Wengi walirudi hai kwa sababu yake. Vita vilipokwisha, punje zilizimwa, na serikali ikatangaza kwamba kazi imekwisha.

Lakini mwili ulikuwa umeshajifunza. Kuku aliyezoea kopo la mahindi, ukilitikisa hata likiwa tupu, atakuja mbio. Miili ya wazee hawa ikisikia namba hujizima yenyewe, punje iwe hai au imekufa.

"Ilianza kwa bahati mbaya," Mama Blandina alisema. Sasa alikuwa ameketi. "Alishindwa kuinuka. Nikamwita Baba Blandina, Baba Blandina, wapi. Nikakasirika, nikasema basi nikuite kama huko jeshini kwenu? Nikataja ile namba iliyoandikwa kwenye sanduku lake. Sista, alisimama. Akaniambia, 'Afande.' Nilicheka mpaka nikakaa chini."

"Na tangu hapo?"

"Miaka tisa. Kila asubuhi. Mume wangu ananiita afande, anasimama wima kando ya kitanda, halafu anavaa suruali anakwenda shambani. Saa tisa alasiri inaanza kumwisha. Zamani nilikuwa nacheka. Siku hizi sicheki."

Akamimina chai kwenye kifuniko, akaninywesha mimi kwanza.

"Leo mara tatu," alirudia. "Nimeogopa."

Nilimwambia nitaangalia. Lakini nilikuwa nimeshaelewa, kwa sababu nilikiona kile kicheko. Mwili ulisikia namba, na badala ya kutii ukafanya jambo jingine. Lile fundo lililokazwa vitani lilikuwa limelegea kidogo. Akicheka sawasawa, kicheko kizima, huku namba ingali masikioni, lingefunguka. Na likifunguka, sikuona kitu cha kulifunga tena.

3

Kulikuwa na jambo jingine nililolijua, na hili halikuwa jipya siku hiyo. Nililifahamu miezi minne nyuma.

Ulikuja waraka kutoka makao makuu, umeandikwa juu yake *Kwa watumishi tu*. Ulisema kwamba kila wito wa namba huiamsha punje iliyokufa, na punje hutoa sumu kidogo inayokula mishipa ya fahamu. Wakubwa waliuita ugonjwa huo kutu. Kutu huanzia shingoni, hushuka miguuni, kisha hupanda mikononi na mwisho kifuani. Upasuaji wa kutoa punje na kuotesha mishipa mipya unaponya, mradi mikono haijafikiwa. Nafasi za upasuaji ni sitini kwa mwaka, nchi nzima, na wenye punje ni zaidi ya elfu nne. *Kwa hiyo,* waraka ulimalizia, *wahusika wasijulishwe hadi nafasi zitakapoongezwa, ili kuepusha taharuki.*

Niliusoma, nikauweka kwenye droo chini ya daftari la chanjo, na nikaendelea kuwapima wazee. Nataka hilo lijulikane. Sikuwa mtu mbaya. Nilikuwa mtumishi, na nilijiambia kwamba wakubwa wanaona mbali kuliko mimi. Maneno hayo yanafaa sana kwa mtu asiyetaka kuona.

Alipoondoka Mama Blandina nilipanga kabati la dawa, nikalipangua, nikalipanga tena. Nikimwambia, nitamnyang'anya mume wake asubuhi zake, kitu pekee alichobakiwa nacho. Nisipomwambia, ataendelea kumuua kwa mapenzi, siku baada ya siku, akidhani anamwamsha. Na hata nikimpigania akapata nafasi, yupo mzee mwingine mahali fulani ambaye sitamjua, atakayekosa. Niliyapima haya yote mpaka kichwa kikauma. Kisha nikakumbuka alivyoninywesha chai mimi kwanza, na nikaona haya.

Jumamosi nilipanda pikipiki ya umeme ya zahanati nikaenda kwao Mlowa.

Niliwakuta shambani, wakipanda viazi. Mzee Kikoti alikuwa akichimba matuta, ameitwa asubuhi na alikuwa na nguvu zake. Mama Blandina alifuata nyuma na beseni la mbegu. Mzee Mbano alikalia gunia pembeni, akisimamia kazi.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba, Sista," alijibu Mbano. "Karibu uone Mhehe anavyozika viazi. Anadhani vimekufa."

Sikucheka, na wakaona. Niliwaeleza nikiwa nimesimama pale kwenye tuta, viatu vyangu vya Jumamosi vikizama udongoni. Niliwaeleza habari ya waraka, punje, kutu na zile nafasi sitini. Sikuficha hata neno moja, kwa sababu nilijua nikificha moja nitaficha na la pili.

Mama Blandina alitua beseni.

"Kila wito?"

"Kila wito, mama."

"Kwa mdomo wangu." Hakulia. Alikuwa akitazama viganja vyake, kana kwamba ndivyo vilivyosema. "Miaka tisa."

"Wewe ulikuwa unaniamsha," mzee alimwambia. "Hukujua." Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake ilikuwa ya upole uleule. "Wewe ulijua tangu lini, mwanangu?"

"Miezi minne."

Mbano, ambaye sikuwahi kumwona akikosa la kusema, alitazama upande mwingine.

"Asubuhi mia na ishirini," alisema Mama Blandina.

Sikujitetea. Nilitamani anipige, lakini mama yule si mtu wa kupiga. Aliinama, akaokota beseni, akaliweka kiunoni.

"Tuambie cha kufanya," alisema.

Niliwaambia. Jumanne nitampima tena, na safari hii Mzee Mbano ataingia naye chumbani. Kanuni inaruhusu mtu mmoja wa kuandamana, ila hakuna anayeitumia. Namba itaitwa, mzee atasimama, na Mbano atafanya kazi aliyoifanya maisha yake yote. Akicheka kicheko kizima, mashine itaona kilichopo. Italia kelele, na mimi nitabonyeza Hapana.

"Na baada ya hapo?" aliuliza Kikoti.

"Baada ya hapo namba haitafanya kazi tena, mzee. Akikuita mama, akikuita nani. Maji yakimwagika hayazoleki. Foleni ya upasuaji kwa mwenye alama za juu ni miezi minne. Nitakupa dawa, lakini hazifiki kule maumivu yalipo. Zitapunguza makali tu."

"Nikikataa?"

"Mikono. Mwaka huu au ujao. Kisha kifua."

"Lakini nitakuwa nimetulia."

"Utakuwa umetulia."

Alifikiri. Alikuwa na haki ya kufikiri, na nilijikaza nisimwongezee neno.

"Si kifo kibaya," alisema. "Nimeviona vibaya zaidi."

"Mimi sikuiti tena," alisema Mama Blandina, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. "Uamue utakavyo, ni mwili wako. Lakini usinitegemee mimi. Nimekuwa afande vya kutosha. Nataka nikuite Baba Blandina na wewe uitike kama Baba Blandina, hata kama ni kwa kuguna."

Kikoti akamtazama Mbano.

"Usinitazame mimi," alisema Mbano. "Nikuamshe kila asubuhi, una nini cha kunipa? Supu yenu siinywi."

Mzee akatabasamu. Akalichomeka jembe ardhini, akauegemea mpini.

"Jumanne basi," alisema. "Lakini gunia moja la mbegu limebaki, na leo nimeshaitwa. Nina mpaka saa tisa. Tulimalize."

Nilivua viatu. Tulipanda wote, hata Mbano alitupa mbegu bila kuinuka kwenye gunia lake, akikosa shabaha na kuwalaumu Wahehe kwa kila mbegu. Kwa kweli ilikuwa siku nzuri. Kulikuwa na jua lisilo na upepo, na Mama Blandina akanifundisha kuweka jicho la kiazi juu. Tulifika tuta la mwisho ilipokaribia saa tisa, na nilimwona mzee anaanza kupunguza mwendo.

Hapo ndipo mfuko wa koti la Mbano ulipozungumza.

"Sita, tatu, moja, mbili, nne," ilisema simu, kwa sauti ya Mbano mwenyewe.

Alisimama kutoka kwenye gunia kama aliyeinuliwa na kamba. "Afande," alijibu, polepole, karibu kwa kunong'ona. Kisha akakaa tena, akaizima simu, na kututazama.

"Kengele ya dawa ya presha," alisema.

Hakuna aliyecheka. Mbano hana mke. Mkewe alifariki kabla hata ya vita. Nilijaribu kukumbuka siku niliyowahi kumwona akitembea zaidi ya hatua kumi mbele yangu, sikuikumbuka. Siku zote nilimkuta ameshakaa. Na kila tulipomwandikia kupimwa alisema yeye mzima, tumpime Mhehe.

"Mara ngapi kwa siku?" aliuliza Kikoti.

"Mbili." Mbano alifuta kioo cha simu kwa mkono wa koti. "Tatu, kukiwa na baridi."

Halafu maumivu ya Kikoti yakafika, na tukamsaidia kwenda nyumbani.

4

Jumanne waliletwa na bajaji. Mama Blandina alikuwa ametimiza ahadi. Kwa siku mbili hakumwita, na siku hizo mbili zilikuwa zimemmaliza mzee. Uso ulikuwa wa rangi ya majivu. Hakutembea hatua hata moja kati ya zile kumi na tisa. Mimi na dereva tulimbeba hadi kwenye kiti. Mama Blandina alibaki nje, kwenye benchi la jua.

Mashine huuliza uhusiano wa mtu anayeandamana na mpimwaji. Inatoa majibu ya kuchagua: mke au mume, mtoto, ndugu wa damu, nyingine, taja. Nilitaja *mtani*. Ilichukua muda kidogo, kisha ikakubali. Nafikiri haikujua ni nini, ikaona aibu kuuliza.

Nilifunga mlango. Mbano alisimama ameegemea ukuta, mikono nyuma.

"Sita, tatu, moja, sifuri, nane."

"Afande!"

Nimeshaona watu wakipata nafuu. Sijawahi kuona nafuu kama ile. Siku mbili za mateso zilimtoka usoni kwa mara moja, akasimama, na alikuwa mzuri, mzee yule, kama picha iliyo ukutani kwao. Sifuri. Macho yake yalitulia mbele, mbali, mahali pasipouma.

Mbano alifungua mdomo. Akaufunga.

Nilingoja. Mashine hutoa sekunde tisini.

"Mzee Mbano," nilinong'ona.

"Mtazame alivyopumzika, Sista." Hakunigeukia. "Nitamwondoaje hapo?"

Nilijua tu kwamba mtu huyu alikuwa ameombwa amvue rafiki yake blanketi katikati ya baridi, na kwamba hakuna mwingine duniani aliyepewa haki hiyo na mababu. Sekunde hamsini. Arobaini. Mbano akajisukuma kutoka ukutani, akaenda kusimama mbele ya rafiki yake, uso kwa uso.

"Mhehe," alisema. "Unakumbuka nilivyokubeba kule Ukanda wa Chumvi?"

Macho ya Kikoti hayakusogea.

"Kilomita nne, mgongoni. Umezimia. Nikawa najiambia, Gaudensi, umebeba shujaa, usimwangushe. Nafika kwa madaktari nakutua chini, naona mkono wako umeshika kitu. Nini? Sufuria. Risasi zimekuchana paja, umepoteza bunduki, umepoteza kofia, umepoteza kiatu. Sufuria hujaiachia. Madaktari wanne wanakufungua vidole. Unafumbua jicho moja unauliza," na hapa akaiga sauti ya Kikoti, taratibu, ya mtu mwenye adabu zake, "'Yule mbwa niliyemwona pale njiani, mmemfunga?'"

Ilianzia tumboni. Nilikiona kitambaa cha shati kikitikisika. Mzee Kikoti alijaribu kubana midomo, akashindwa, na kicheko kikatoka kizima, cha sauti kubwa, cha mtu wa miaka ishirini na mitano mwenye njaa. Na nyuma ya kicheko yakaja mengine. Mbili. Tano. Nane. Magoti yakakatika, Mbano akamdaka, na kicheko kikageuka sauti ambayo sitaki kuieleza. Nje nilisikia kifuniko cha chupa ya chai kikianguka chini.

*Kelele imegundulika. Rudia kipimo?*

Nilibonyeza Hapana. Mashine ikakitambua kidole changu.

Kwa kufunga kipimo, mashine huita namba mara ya mwisho. Nilikuwa nimelisahau hilo. "Sita, tatu, moja, sifuri, nane. Kipimo kimekamilika."

Mzee Kikoti, akiwa ameshikiliwa sakafuni, jasho likimtiririka, aliinua kichwa.

"Naam," alisema, kama mtu aliyeitwa na jirani uani.

Kioo kikabaki kwenye nane. Rufaa ikajiandika.

Tulimlaza kwenye kitanda cha pembeni, nikampa dawa, nikamfungulia Mama Blandina. Aliingia, akamshika mkono. "Baba Blandina," alisema. Mzee akaguna. Mama akakubali kwa kichwa, kana kwamba ndivyo walivyoahidiana, na akatoka tena kwenda kusali au kulia, sikumfuata kujua.

Mbano alikuwa akitafuta kofia yake.

"Gaudensi," alisema Kikoti kutoka kitandani. "Kaa kwenye kiti."

"Mimi mzima."

"Kaa."

"Leo kazi yangu imekwisha, Mhehe. Nimekuja kama mtani."

"Na mimi ni nani?"

Mbano alinitazama, nikaishika kofia ya waya. Sikumshawishi. Alikwenda kwenye kiti, na sasa kwa kuwa hakuna aliyekuwa akidanganywa tena, alitembea kama anavyotembea kweli, akiburuta miguu yote miwili. Niliandika kwenye mashine: uhusiano, mtani.

"Sita, tatu, moja, mbili, nne."

"Afande!"

Alisimama, na sifuri ikatokea. Hata yeye, mropokaji yule, uso wake uliingia kimya kile na ukapendeza. Nilielewa kwa nini alishindwa kusema. Nilitamani tumwache.

Kikoti alifungua mdomo, na pumzi haikutosha. Alijaribu tena. Maumivu yalimkatisha neno, akafumba macho, akangoja yapite kama mtu anavyongoja lori lipite barabarani. Sekunde sitini. Hamsini.

"Mngoni," alisema. "Ukifa kabla yangu."

Akapumua.

"Mimi ndiye mtani wako. Nitaruka kaburini. Nitalala humo, niwaambie watoto wa dada zako sitoki mpaka waniletee jogoo. Ndiyo haki yangu."

Mbano hakutikisika. Sekunde thelathini. Kikoti alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, mikono ambayo bado ilikuwa mizima, akajiinua kiasi cha kumwona rafiki yake.

"Wataleta jogoo. Lakini kwa mgongo huu, Gaudensi, nikishalala sitaweza kuinuka. Itabidi watufukie wote wawili. Na jogoo."

Mabega ya Mbano yakaanza kutikisika.

Kioo kikaandika moja, kisha nne. Mashine ilipouliza kama nirudie, kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye Hapana.